Mbao Sita za Nathanaeli

Imetangazwa rasmi, mbele ya wazee wa mji, wanafunzi wa shule mbili za msingi na kwaya ya akina mama, kwamba katika uchumi wa buluu hakuna atakayeachwa nyuma. Tangazo lilisomwa kwenye uwanja wa mpira karibu na Mlalo, uwanja ambao mpira ukipigwa kwa nguvu hutafutwa bondeni mpaka kesho yake. Msomaji alifafanua kwamba buluu ni bahari, kwamba bahari ni mali ya mkoa mzima, na kwa kuwa milima nayo imo mkoani, basi mambo yanajieleza yenyewe. Ukungu ulikuwa umeshuka. Waliokaa nyuma walimsikia vizuri ila hawakumwona.

Aliyeifanya meza kuu isimame sawa siku ile ni Nathanaeli Shekighenda, fundi seremala, miaka sitini na mmoja, Mlutheri, aliyefiwa na mke. Alisukuma kabari mbili chini ya miguu ya upande wa bondeni, akalaza pima maji juu ya meza, akasubiri kile kipovu kitulie katikati ya mistari yake, ndipo akaruhusu kitambaa kitandikwe. Hakuna aliyemshukuru, naye hakutegemea. Meza iliyokaa sawa haionekani.

Pima maji ile ilikuwa ya baba yake, ya mti na shaba, na pamoja nayo alirithi onyo moja. Baba alimwambia kwamba mtu aliyezaliwa Usambara jicho lake limepinda tangu tumboni. Ameona mashamba yaliyosimama wima, nyumba zenye mlango wa mbele chini na wa nyuma darini, ng'ombe wanaokula majani wamejiegemeza. Mtu wa namna hiyo akikuambia rafu imekaa sawa, usimwamini, hata kama ni wewe mwenyewe. Nathanaeli hakumwamini mtu huyo. Kwa miaka arobaini hakupachika hata kigingi cha kutundikia kofia bila kuuliza kipovu.

Alitengeneza madirisha, vitanda na madawati ya kanisa. Lakini kilichomlisha ni majeneza. Mtu akifariki, nyumba hukata kamba ya katani kwa urefu wa marehemu, hufunga fundo mwishoni, na mmoja wa ukoo hupanda nayo hadi karakana. Hasemi mengi. Anaiweka mezani, anakaa. Ilipofika zamu ya kamba ya mke wake Esteria, miaka minne iliyopita, hakukuwa na wa kuileta. Aliikata mwenyewe, akaipeleka mwenyewe karakana, akaiweka mezani, akakaa.

Baada ya maziko alimwahidi kaburini kwamba hatachonga tena jeneza. Ahadi ilidumu wiki tatu, kisha akafariki mwalimu mkuu mstaafu.

La kwake mwenyewe alishalipanga. Kwa watu wa rika la baba yake, mwanamume anayejiheshimu hawaachii wenzake kuhangaika na mbao siku yake ikifika. Huziweka darini, juu ya jiko, moshi uzikaushe na wadudu wazisahau. Nathanaeli alikuwa na mbao sita za mkulo, futi saba kila moja, zilizopasuliwa enzi ambazo kibali cha kukata mkulo kilikuwa ni kuelewana na jirani. Siku hizi mti huo haukatwi, na ni sawa usikatwe, kwa kuwa iliyobaki inahesabika. Kila mwaka mara mbili alipanda darini kuzigeuza zisijikunje. Kila moja ilikuwa na jina lake, limechomwa kwa msumari wa moto, ili siku hiyo pasiwe na ubishi.

Mwezi mmoja baada ya mkutano wa uwanjani, binti yake Glory alipiga simu kutoka Tanga. Glory alisomea upishi wa hoteli, na wakati huo alikuwa mpishi ndani ya boti kubwa ya injini, ya ghorofa mbili, nyeupe tupu, ya aina ile ambayo wenyewe huiita yoti. Ilikuwa inajiandaa kuanza kupeleka wageni Ras Mnyenye, hoteli mpya ya ufukweni yenye gati lake la boti za starehe.

"Tate, shikamoo," alisema, kwa maana nyumbani baba huitwa hivyo.

"Marahaba. Bahari haijakumeza?"

"Bado. Tate, makabati ya vyumbani yameharibika. Mbao za kubandika hizi, chumvi imezifungua kama kitabu kilichonyeshewa. Nimewaambia baba yangu anayo mbao ambayo hata mchwa huipisha njia."

"Mkulo haukatwi siku hizi, Glory. Na ukiupata mbichi, mwaka mzima unajikunja."

"Sijasema mbichi. Nasema wa darini."

"Hizo zina mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe?"

"Ndiyo maana nakwambia zina mwenyewe."

Glory hakucheka. Alimweleza kwamba ni kazi ya majaribio. Makabati yakiwa tayari kabla ya safari ya uzinduzi, na wenye hoteli wakayaridhia, karakana ya pale gatini itakuwa yake, kwa mkataba, na chumba cha kulala. "Huko kazi ni viti na milango, Tate. Hakuna mtu wa kukuletea kamba."

Nathanaeli alikaa jikoni mpaka moto ukafifia. Kisha akachukua ngazi. Alijiambia kwamba mbao nyingine atatafuta, huku akijua vizuri kuliko mtu yeyote wilayani kwamba hakuna za kutafuta.

Zilishuka Tanga kwa lori, chini ya magunia ya kabichi. Naye akashuka nazo, na sanduku la vifaa, na pima maji imefungwa ndani ya koti la kanisani.

Nahodha wa boti aliitwa Zahoro, Mdigo wa mjini, mtu wa miaka arobaini na kitu, ambaye alijihesabu kuwa mtani wa kila anayeteremka kutoka milimani.

"Shikamoo, mzee wa viazi."

"Marahaba, bwana chumvi."

"Umekuja na majeneza yetu kabisa?" Zahoro alikuwa anaziangalia zile mbao.

"Nimekuja na langu," alisema Nathanaeli. Zahoro akacheka mpaka akashika ukuta, maana alidhani ni utani.

Ndani, Nathanaeli aliona mara moja kwamba sakafu imelala upande wa kushoto. Sababu ilikuwa ndogo. Boti ilifungwa gatini kwa ubavu wa kushoto, na wapakizi, kama wapakizi wote duniani, walikuwa wamepanga makreti ya soda na bia pale palipokuwa karibu. Tangi la maji la kushoto lilijazwa, la kulia lilikuwa tupu likisubiri fundi bomba. Nahodha alilijua jambo hilo, akalipuuza, kwa kuwa siku ya safari uzito ungegawanywa. Hakuna nahodha anayehangaika na boti iliyofungwa kamba.

Nathanaeli alijua kwamba boti huyumba. Hilo hata watoto wa Mlalo wanalijua. Asichokijua ni kwamba boti inaweza kuinama na kubaki imeinama siku tatu mfululizo, kama mtu anayesikiliza ya jirani ukutani. Kwake yeye, kitu kilichokaa kimeinama siku tatu ni sakafu mbaya, na sakafu mbaya alikuwa amepambana nazo maisha yake yote. Hata hivyo aliuliza. Hilo lazima lisemwe kwa heshima yake.

"Kapteni, nyumba yenu imejengwa kwenye mteremko."

"Mteremko wa wapi tena, mzee?" Zahoro alikuwa na karatasi mkononi na simu sikioni. "Baharini kote tambarare. Nyinyi mmezoea kulala mmeshikilia mti."

"Nasema sakafu imelalia huku."

"Utazoea. Wote wakishuka kutoka kule juu hujiona wameinama."

Akaondoka anacheka. Nathanaeli naye akatabasamu, akakata kabari.

Alifanya kazi siku tatu. Kipovu kilitangatanga kidogo kwa ajili ya mawimbi madogo ya bandarini, lakini alikuwa na subira, akawa anachukua katikati ya matembezi yake. Mbao za futi saba alizikata futi tatu na nusu, kwa kuwa ndiyo nafasi iliyokuwepo kati ya kitanda na dirisha. Kila alipokata alisimama kidogo, akaupuliza unga wa mbao, akaendelea. Chini ya kila kabati, upande wa kushoto, aliweka kabari, akaificha kwa ubao mwembamba ili isionekane. Harufu ya mkulo ikajaa vyumba vyote viwili na kutoka hadi jikoni.

Glory aliingia akiwa na aproni, akasimama mlangoni.

"Panakaa kama nyumbani," alisema.

"Njoo uone mlango." Nathanaeli aliufungua mlango wa kabati nusu, akauachia. Ukabaki palepale ulipoachiwa. "Mlango uliopachikwa sawa unangoja. Haufungi mwenyewe, haufunguki mwenyewe. Ukiona umekwenda popote, fundi alidanganya."

"Karakana yao nimeiona, Tate. Ina madirisha pande mbili."

"Ina mlango unaofungika?"

"Unafungika."

"Basi," alisema, na hilo kwa Nathanaeli lilikuwa shangwe.

Siku ya uzinduzi wageni walipanda asubuhi, pamoja na mgeni rasmi, yuleyule aliyesoma tangazo kwenye ukungu, na mpiga picha wake. Kabla ya kufungua kamba Zahoro aliwaagiza vijana wake wahamishe nusu ya makreti, akafungulia pampu, na maji yakaanza kuhama kutoka tangi la kushoto kwenda la kulia. Ilichukua kama dakika ishirini. Nathanaeli alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa koti lake la kanisani, anatazama kazi yake. Alihisi kitu kwenye nyayo, kama gari linapoacha lami. Mlango wa kabati aliokuwa ameuacha nusu wazi ukajifikiria kidogo. Kisha ukafunguka wote, taratibu, ukagonga ukuta.

Aliufunga. Ukafunguka.

Alichukua pima maji, akailaza juu ya kabati. Kipovu kilikimbia hadi mwisho wa kioo na kukaa huko. Akailaza sakafuni. Kilikaa katikati, kimetulia, kama ambavyo hakijawahi kutulia katika nyumba yoyote ya Mlalo. Nathanaeli alipiga magoti pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma kipimo. Boti ilikuwa imekaa sawa. Kilichopinda ni kabati, na la chumba cha pili, na mengine yote, vidole viwili kamili upande mmoja, kwa usahihi mkubwa.

Safari ya Ras Mnyenye ni ya saa tatu. Kwa aliyekaa juu kwenye viti vya mito, ilikuwa nzuri. Injini zilinguruma kwa adabu, pwani ikapita na minazi yake, wageni wakapewa juisi ya matunda damu, yale mekundu ya milimani, yaliyotoka Lushoto kwa lori lilelile la kabichi. Nathanaeli hakuipata sehemu hiyo. Aliteremka na kupanda kati ya vyumba viwili akifunga milango kwa vipande vya karatasi vilivyokunjwa, na katikati ya kazi hiyo alitapika mara mbili, kwa utaratibu, ndani ya ndoo ya gundi.

Walipolikaribia gati, mgeni rasmi aliomba kuona kazi ya wananchi wa milimani. Wakashuka wote, wakabanana chumbani. Nathanaeli alisimama mbele ya kabati kubwa, mgongo umeugandamiza mlango. Mgeni rasmi alivuta pumzi, akasifu harufu, akatoa hotuba fupi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ileile ya uwanjani. Alipofika kwenye hakuna atakayeachwa nyuma, boti ilipinda kuingia gatini, na mlango wa kabati la pili, ambalo halikuwa na mgongo wa kuuzuia, ukafunguka, ukatoa glasi sita moja baada ya nyingine, bila haraka. Mpiga picha alikuwa ameshabonyeza. Katika picha Nathanaeli ameshika mlango kwa mikono miwili iliyo nyuma yake, kama askari aliyepewa amri ya kusimama kwa utulivu. Ilitoka kwenye jarida la mkoa. Chini yake paliandikwa kwamba fundi kutoka milimani anafurahia fursa.

Gati la Ras Mnyenye lilikuwa safi kama sahani. Njia za mbao zilielea juu ya maji, zikapanda na kushuka pamoja na boti zilizofungwa kwazo, kwa hiyo hakuna kilichopishana na kingine. Nathanaeli alitembea juu yake akiwa ameinamisha kichwa. Karakana aliiona kwa mbali. Kweli ilikuwa na madirisha pande mbili.

Meneja, Bi Angel, mwanamke mpole wa makamo kutoka Tanga mjini, alimkaribisha ofisini na kumpa kiti. Glory alisimama mlangoni bado na aproni yake. Zahoro alikuja nyuma, amevua kofia.

"Baba, mbao ni nzuri mno," alianza Bi Angel. "Sijapata kuona mbao kama ile."

"Mbao haina kosa," alisema Nathanaeli.

"Ndicho nachosema."

"Nipe wiki mbili, mama. Nitayafungua, nitatoa kabari, nitanyoosha."

"Yamekatwa kufuata ule mlalo, baba. Umeyachonga pembeni yafuate. Ukitoa kabari, yanaacha nafasi ukutani. Una mbao nyingine?"

Swali lilikuwa la kawaida, na aliyeuliza hakuwa na ubaya. Nathanaeli alitazama viatu vyake.

"Sina."

"Kosa ni langu nusu," Zahoro aliingilia. "Mzee aliniuliza. Nikadhani ananitania."

"Sikuwa nakutania," alisema Nathanaeli.

"Nimeelewa sasa, mzee."

"Boti inaanza kupeleka wageni Jumamosi," alisema Bi Angel. "Wenye boti wameshaagiza makabati ya plastiki kutoka Dar. Hii karakana, hebu tuiache kwanza. Tutakupigia."

Nathanaeli alisema asante. Alikuwa amewahi kuwaambia watu wengi kwamba atawapigia, na alijua sentensi hiyo hutumika wapi.

Glory alimsindikiza hadi barabarani akiwa na chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya aluminiamu.

"Nimekuaibisha," alisema baba yake.

"Walikula chakula changu chote, Tate. Mimi niko sawa."

"Wewe uko sawa," alirudia.

"Usiende kaburini kumwambia mama."

"Nitamwambia nini? Kwamba nimeona bahari? Hata hiyo sikuiona sana."

Makabati yalifunguliwa na mafundi wa plastiki, na Zahoro, ambaye kuanzia siku ile hakumtania tena Mshambaa yeyote kwa karibu mwezi mzima, alihakikisha mbao zote zimerudishwa Mlalo kwa gari lililopanda tupu kufuata kabichi. Vilikuwa vipande kumi na viwili, vya futi tatu na nusu, vimetobolewa kwa skrubu. Nathanaeli alivipanga kwenye sakafu ya karakana, akaviunganisha kwa macho hivi na vile. Alijaribu na tepu. Mbao ya jeneza haiungwi katikati. Jeneza linaungika, ila likibebwa kwenye mteremko, na kule hakuna njia isiyo mteremko, linaachia. Hayo aliyajua kwa kuwa watu walishawahi kumletea kazi za mafundi wengine azirekebishe, zikiwa zimeshachelewa.

Kwa miezi miwili kila jioni alipanda hadi kwenye mkaratusi ambapo simu hupata mtandao vizuri. Alikaa hapo kama saa moja, koti mabegani, mpaka ukungu ukafika magotini, akateremka. Simu iliyokuja ilikuwa ya Glory, kila Jumapili, na walizungumza juu ya mvua.

Kisha ikaja kamba. Ilikuwa ya mama mmoja wa upande wa pili wa bonde, aliyekuwa akimfahamu tangu kipaimara. Mwanawe aliiweka mezani, akakaa. Nathanaeli aliangalia kamba, akaangalia fundo, akachukua randa. Mbao ilikuwa ya mkaratusi, mbichi, ndiyo inayopatikana.

Wiki ileile alikuja mtu wa ofisi ya serikali na oda ya bango. Lilitakiwa la mbao, si la plastiki, liwe la kienyeji na lenye kuvutia, la kuwekwa ukutani mbele ya ofisi ambapo kila mwananchi atalisoma. Alikuwa na maneno yake kwenye karatasi. Aliviona vile vipande vilivyopangwa sakafuni, akainama, akavinusa.

"Mzee, hizi si mbao za mkulo zenyewe? Za nini hizi?"

"Hazina kazi," alisema Nathanaeli.

Vipande vinne vilitosha bango, na vinane vikaenda kwenye fremu na rafu ya vipeperushi chini yake. Matundu ya skrubu aliyaziba kwa unga wa mbao na gundi, akapiga msasa, akapaka vanishi. Herufi alizichonga kwa patasi, moja moja. Siku ya kulitundika alikwenda mwenyewe na pima maji, akasubiri mpaka kipovu kitulie, akakaza skrubu ya mwisho.

Bango bado lipo. Linasema kwamba katika uchumi wa buluu hakuna atakayeachwa nyuma, na limekaa sawa kabisa, ingawa ukuta wenyewe umelalia bondeni. Watu wanaopita hulisifu kwa harufu. Nathanaeli yuko karakanani kwake, mlango wazi. Darini juu ya jiko lake hakuna kitu.